Kibarua Bila Barua: Wakimbizi wa Kashojwa na Haki Zao Kazini

Tangu Alexander Betts na wenzake wachapishe mwaka 2014 utafiti wao kuhusu uchumi wa wakimbizi katika Kampala, Nakivale na Kyangwali, Uganda imekuwa mfano wa kunukuliwa kila panapojadiliwa wakimbizi na ajira. Takwimu inayopendwa zaidi ni ya Kampala: asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyomwajiri angalau mtu mmoja, na asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa Waganda. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni na wanaoichukua na kuhitimisha kwamba mtu akisharuhusiwa kufanya kazi, basi na kazini yuko huru.

Kwamba ruhusa ipo, hakuna anayebisha. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Wakimbizi ya 2006 kinampa mkimbizi haki ya kutafuta ajira yenye kipato. Mabishano huanza tukiuliza nani anaivunja haki hiyo. Guglielmo Verdirame na Barbara Harrell-Bond, katika kitabu chao cha 2005 kuhusu Kenya na Uganda, walithubutu kuyaweka mashirika ya misaada kizimbani. Waliowashambulia waliona ni utovu wa shukrani. Mimi naona hawakufika mbali vya kutosha: mkimbizi wao kwa sehemu kubwa ni mpokeaji wa msaada, na yule anayeugawa msaada huo kwa mikono yake hapewi nafasi anayostahili.

Huyo nilikutana naye Kashojwa, kijiji kimojawapo cha makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini mashariki mwa Mbarara. Ni mkalimani, mzaliwa wa Rutshuru. Anaketi kati ya nesi na mama mgonjwa, akigeuza Kinyarwanda kuwa Kinyankole, na Kiswahili chake kikisaidia pale Mrundi na Mbembe wanapokwama. Amevaa kizibao cha njano chenye jina la shirika mgongoni. Anaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi. Nilipomuuliza kuhusu kazi yake alinisahihisha: "Mwalimu, mie ni volontia tu. Kazi sina."

Alinionyesha makubaliano yake, kurasa mbili za Kiingereza zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya chakula. Aya ya mwanzo inatamka kwamba kati ya pande mbili hakuna uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Aya zinazofuata zinasema akichelewa mara tatu ataondolewa, akitaka ruhusa aombe kwa maandishi siku kadhaa kabla, na asizungumze na wageni kuhusu shughuli za shirika. (Nilikuwa mgeni.) Malipo yalikuwa yamechelewa miezi miwili. Mbona hajalalamika? "Nafasi yangu ina foleni," alijibu.

Malipo hayo huitwa posho, na neno hilo lina historia yake. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi wa misafara. Pwani leo ni fedha anazopewa mtumishi nje ya mshahara, na Uganda ni ugali wenyewe. Kwa mkalimani wetu maana zote tatu zimekutana, hasa tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza mgao kwa asilimia 30 Aprili 2020, kisha kwa asilimia 40 Februari 2021. Kibarua nacho ni barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha kazi yake. Jina la karatasi likahamia kwa mtu.

Sasa tusome sheria. Sheria ya Ajira ya 2006 inautambua mkataba wa kazi hata ukiwa wa mdomo, mradi mtu amekubali kumfanyia mwingine kazi kwa malipo. Kanuni za 2011 haziruhusu mtu kubaki kibarua zaidi ya miezi minne. Kuhusu kuungana, Uganda ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1976 iliweka sharti juu ya ibara ya 15, ikijihifadhia uwezo wa kuwanyima wakimbizi haki ya vyama, vya wafanyakazi vikiwemo. Miaka 30 baadaye kifungu kilekile cha 29 kikawapa haki hiyo. Wataalamu wa sheria wanaweza kubishana uzito wa sharti lile la kale. Nadhani Bunge lilishasema.

Nitaambiwa kwamba mashirika yakilazimishwa kuajiri, nafasi kumi zitakuwa tatu. Inawezekana. Lakini hoja hiyo ilitolewa pia na wenye mashamba na wenye meli, na hatukuiita huruma. Nitaambiwa pia kwamba Mnyankole anayekata matoke Isingiro hana mkataba, na kwamba kima cha chini cha mshahara kimebaki shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, baada ya Rais kukataa kutia saini muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019. Ni kweli. Ila huyo akichoka hupanda matatu kwenda Mbarara kujaribu bahati bila kupoteza mgao wala ploti, na uhuru wake wa kutembea haungojei maelekezo ya Kamishna wa Wakimbizi.

Kila mwisho wa mwezi posho inapofika, mkalimani hutia saini kwenye karatasi yenye safu nne: jina, siku alizofanya, kiasi, saini. Shirika huitunza kwa ajili ya wakaguzi wa hesabu. Nionavyo, afisa kazi wa wilaya akiiomba karatasi hiyo, hatahitaji ushahidi mwingine: kibarua chenyewe kipo, kimefungiwa kabatini mwa mwajiri.