Kanisa la Watu Waliokuwa Wanangoja

Sisi wa Maratane tukisikia mtu anakwenda Ilha, tunawaza samaki. Ni safari ya chapa, karibu kilomita 180 kutoka Nampula mjini, halafu daraja jembamba la zaidi ya kilomita 3 juu ya bahari. Lakini kwenye ncha ya Kisiwa cha Msumbiji, nyuma ya ngome kubwa ya São Sebastião, kuna kanisa dogo la mawe linaloitwa Nossa Senhora do Baluarte, yaani Bikira Maria wa Boma. Mimi nililifuata hilo.

Wareno walilijenga mwaka 1522, miaka 24 tu baada ya Vasco da Gama kufika hapa. Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1558, kwa hiyo kanisa ni kubwa kwa umri kuliko ukuta unaolificha. Wengi wanalihesabu kuwa jengo la Kizungu la zamani kuliko yote yaliyobaki kusini mwa ikweta.

Kwa nini kanisa, tena pale mbele ya maji? Sababu ni upepo. Meli za kutoka Lisbon kwenda Goa zilitegemea kusi. Ukichelewa, unabaki kisiwani miezi mingi, na homa inakukuta hapohapo. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika mwaka 1541, akangoja karibu nusu mwaka akiwahudumia wagonjwa, akaondoka mapema mwaka 1542. Kumbe hata watakatifu wamepanga foleni! Sisi tunaongoja simu ya usaili, au barua ya nchi ya tatu, tunajua sala ya namna hiyo inasemwaje.

Wengine hawakuondoka tena. Ndani ya kanisa unakanyaga mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kireno. Waliozikwa pale walikuwa mbali na kwao, lakini kuna mtu alilipa fundi achonge majina.

Sasa simama nje, utazame bahari. Kwenye kisiwa hichohicho walingoja watu wengine. Hao waliletwa kutoka bara wakiwa wamefungwa, wakapakiwa kupelekwa Brazil na visiwa vya Bahari ya Hindi. Desemba 1794, meli São José iliondoka hapa na mateka zaidi ya 400, kuelekea Maranhão. Kabla mwezi haujaisha ilipasuka kwenye miamba karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 kati yao walikufa maji. Waliookolewa waliuzwa palepale. Jina la meli tunalo, tena ni la Mtakatifu Yosefu. Majina ya wale 200 hatuna hata moja. Mwaka 2015 wapiga mbizi walipeleka udongo wa Msumbiji mahali ilipozama, wakaumwaga juu yao. Walichelewa miaka 220, lakini walikwenda.

Sisemi tusisali kwenye kanisa lile. Nilipiga magoti, nikasali Salamu Maria kama kawaida. Ninachosema ni kwamba jiwe linamkumbuka yule aliyeandikwa, basi. Na sisi je? Wengi wetu tuliacha mtu njiani, kaburi bila hata kijiti. Hapa kambini daftari la mgao ni la walio hai. Ukifa, jina linafutwa, na ndugu wa ofisini wanajua hiyo ni kazi yao, si ubaya.

Basi daftari la pili tulishike wenyewe. Fundi wa mawe hatuna, lakini kalamu zipo. Kila familia ilete majina ya waliobaki Fizi, Uvira, Bujumbura, au porini, na mwaka, na mahali kama panajulikana. Wakatoliki tunaweza kuyasoma tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote. Waislamu na Wapentekoste watachagua siku yao. Lakini daftari liwe moja.