Upimaji wa unyevu wa udongo kwa maikrowevu

Upimaji wa unyevu wa udongo kwa maikrowevu ni mbinu ya kukadiria, kwa kutumia setilaiti, kiasi cha maji kilichomo katika tabaka la juu la ardhi. Ardhi yote hutoa mnururisho hafifu wa maikrowevu. Nguvu yake hutegemea kipimo cha dielektriki, yaani jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme: cha maji ni karibu 80, cha udongo mkavu ni kama 4. Kwa sababu hiyo udongo uliolowa hutoa mnururisho mdogo, na chombo huuona kana kwamba ni wa baridi kuliko udongo mkavu wenye joto lilelile.

Masafa yanayofaa zaidi ni gigahezi 1.4, yaani mawimbi yenye urefu wa sentimita 21. Hupita mawinguni usiku na mchana, na hupenya mazao na nyasi, lakini misitu minene kama ya bonde la Kongo huyazuia. Kinachopimwa ni takriban sentimita 5 za juu tu.

Setilaiti ya SMOS ya Ulaya ilirushwa mwaka 2009 ikiwa na antena ndogo 69. SMAP ya Marekani ilifuata Januari 2015. Rada yake iliharibika Julai mwaka huohuo, ila kipokezi chake kiliendelea kufanya kazi nzuri. Takwimu zake husaidia kutabiri mafuriko na kufuatilia ukame.

Kikwazo kibaya, tena cha kujitakia, ni mitambo inayorusha mawimbi kinyume cha kanuni katika megahezi 1400 hadi 1427. Masafa hayo yametengwa kimataifa kwa upimaji huu na astronomia ya redio, na yanastahili kulindwa.