Kamba huyu, kamba hii

Kitui na Makueni ni nyumbani kwa Wakamba, hivyo habari kwamba mtu anafuga kamba sebuleni lazima ichekeshe. Sarufi ndiyo inayookoa: kamba ya mbuzi imekatika, lakini kamba wa majini amekatika mguu.

Watu wa pwani wana kamba, kamba koche na uduvi, wote wa baharini. Kamba wa maji baridi mwenye magando hana jina la kale, wala si ajabu: Afrika bara haina wa asili, wapo Madagaska. Wale wekundu wa Ziwa Naivasha, wenye asili ya Marekani, waliingizwa humo mwaka 1970.

Yule wa sebuleni, wa kwenye tangi la kioo, Cambarellus wa Meksiko, ana sentimita 4 hivi. Jike hubeba mayai chini ya mkia kwa wiki 3 au 4, na watoto huanguliwa wakiwa kamba kamili, wadogo mno. “Kamba kibete” linamtosha. Kumwita “kaa mdogo” ni kosa. Kaa mkia wake ameukunja tumboni.

Mfugaji akiwachoka, tafadhali asiwamwage Mto Athi.