LAPTOPU INAWAKA LAKINI KIOO CHEUSI? PIMA KWANZA KABLA HUJATOA HELA

Leo naweka pembeni habari za mtaani, nawaletea somo ambalo mimi nimelisomea kwa ada ya shilingi 70,000. Ni hivi: laptopu yako ya zamani unaiwasha, taa zinawaka, feni inazunguka, lakini kioo cheusi tii. Wengi wetu tunakimbilia kwa fundi, na fundi anasema "kioo kimekufa, lete hela". Ninachotaka kusema ni kimoja tu: kioo kuwa cheusi si lazima kiwe kimekufa. Kuna vitu kadhaa vinavyoleta giza lile lile, na vingi unaweza kuvipima mwenyewe bure.

YALIYONIKUTA

Mimi nimemaliza shule, kazi bado, basi najishikiza na kublogu na kuchapa barua na CV za watu. Mashine yangu nimerithi kwa bamdogo, ni ya mwaka 2008. Ijumaa moja nilimaliza kuchapa katiba ya kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu, kurasa 14. Walitakiwa kuipeleka Jumatatu asubuhi wakasajili kikundi chao. Hela yao nilishakula, na nakala ilikuwa moja tu, ndani ya laptopu hiyo hiyo. Jumamosi naiwasha: giza.

Fundi aliitazama kama dakika moja hivi, akasema kioo. Nikampa 70,000 ya kutanguliza. Jioni akafunga kioo kingine, giza lile lile. Akageuza maneno: "Dogo, hii madabodi." Akanirudishia kioo changu cha zamani, hela haikurudi. Usiku mama mwenyekiti akapiga simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, katiba yetu imefikia wapi?" Nikamwambia inakuja. Sikulala.

Jumapili nikaenda kafe kusikilizia tu. Jamaa anayesimamia pale akaniuliza, "Dogo, umeshaimulika na tochi?" Nikamwambia, "Kaka, tochi ya nini tena?" Haya yanayofuata ndiyo niliyojifunza siku ile na baada ya hapo. Yafuate kwa mpangilio, maana kila hatua inaondoa mshukiwa mmoja.

1. JE, MASHINE IKO HAI?

Iwashe, subiri dakika mbili, halafu bonyeza Caps Lock. Kama kataa kake kanawaka na kuzima, au unasikia ule mlio wa Windows, mashine iko hai na tatizo liko upande wa picha. Kama haijibu kabisa, fanya hatua ya 2 na ya 3 kwa makini.

Hapo hapo hakikisha mwanga haujashushwa mpaka mwisho. Shikilia Fn, bonyeza kitufe chenye alama ya jua cha kuongezea. Kuna na kitufe chenye alama ya kioo kinachohamisha picha kwenda monita ya nje, mdogo wako akikigusa unaweza kudhani mashine imekufa. Kuanzia Windows 7 kazi hiyo inafanywa pia na kitufe cha Windows pamoja na P.

Halafu kuna swichi ya mfuniko. Laptopu nyingine zina kidude kidogo karibu na bawaba, kikinasa kwa vumbi mashine inajiona imefungwa na inazima kioo. Kibonyeze mara kadhaa. Nyingine zinatumia sumaku, kwa hiyo ondoa kava la simu lenye sumaku au spika iliyo karibu.

2. TOA UMEME ULIOBAKI NDANI

Zima, chomoa chaja, toa betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 30. Rudisha chaja peke yake bila betri, kisha washa. Inaonekana kama utani, lakini mashine iliyoganda baada ya umeme kukatika na kurudi mara nyingi inazinduka hapa.

3. RAM

RAM ikilegea au ikishika kutu, mashine inawasha taa na feni lakini haitoi picha hata kwenye monita ya nje. Nyingine zinalia milio. Kila kampuni ina hesabu yake ya milio, kwa hiyo ihesabu na uiandike, halafu utafute maana yake kwa jina la mashine yako.

Betri na chaja vikiwa vimetolewa, gusa kwanza kitu cha chuma kuondoa umeme wa mwilini. Fungua kale kafuniko ka chini. Tanua vishikio viwili vya pembeni, RAM itanyanyuka yenyewe, itoe. Futa meno yake ya dhahabu taratibu na ufutio wa penseli, pangusa unga wote, irudishe kwa kuilaza mshazari kisha ibonyeze ilale mpaka ilie "ta". Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na ubadilishe nafasi. Ukipata picha na moja tu, umeshampata mbaya wako.

4. TOCHI (hapa ndipo pangeniokoa)

Washa mashine, ingia mahali penye giza, umulike kioo na tochi ya simu kwa mshazari, karibu kabisa. Ukiona picha hafifu kwa ndani, alama ya Windows au vile vipicha vya mafaili, basi kioo kinachora vizuri. Kilichokufa ni taa ya nyuma yake.

Kioo cha laptopu nyingi hakitoi mwanga chenyewe, kinamulikwa. Za zamani zinamulikwa na kijiti chembamba cha taa, kama tyubulaiti ndogo, ambacho kinahitaji umeme wa mamia ya volti. Umeme huo unatengenezwa na kibao kirefu chembamba kinachoitwa inveta, kimekaa chini ya kioo. Inveta ikifa, giza. Kijiti kikichoka, mara nyingi kinaanza na wekundu au upinki ukiwasha, baadaye kinazimika. Laptopu zilizotoka kuanzia miaka ya 2009 na 2010 nyingi zinatumia taa za LED na hazina inveta. Hizo taa ikifa angalia fyuzi ndogo kwenye madabodi, waya, au kioo chenyewe.

Onyo: usiguse inveta mashine ikiwa imewashwa, inapiga. Na kijiti kile usikivunje, kina zebaki.

5. MONITA YA NJE

Muombe jamaa wa kafe akuazime monita jioni wateja wakipungua. Chomeka waya wa VGA, au HDMI kama laptopu yako inayo, hata TV ya nyumbani inafaa. Hamisha picha kama nilivyosema kwenye hatua ya 1.

- Picha nzuri nje, giza ndani: mara nyingi madabodi iko salama. Tatizo ni kioo, taa, inveta au waya.
- Nje na ndani giza, na RAM umeshajaribu: tatizo ni chipu ya michoro au madabodi.
- Mistari au rangi za ajabu zinatokea kote kote: chipu ya michoro. Zikiwa ndani tu: kioo au waya.

6. CHEZESHA MFUNIKO

Fungua na funga taratibu. Picha ikija na kupotea kufuatana na pembe, mshukiwa ni waya unaopita kwenye bawaba. Miaka ya kufungua na kufunga inaukata. Wakati mwingine umechomoka tu, ukiukandamiza vizuri umepona.

7. PICHA INAKUJA MWANZO HALAFU INAPOTEA

Kama jina la kampuni linaonekana ukiwasha, kisha giza Windows ikianza, kioo ni kizima, mara nyingi kosa ni draiva. Kwa XP, Vista na 7 bonyeza F8 mara nyingi wakati wa kuwaka, chagua hali salama, uondoe draiva ya michoro na uweke nyingine. Windows 10 ikikuletea giza wakati iko hai, jaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, inaamsha draiva upya.

KUHUSU KUCHOMA MADABODI

Kuna mafundi wanapasha chipu ya michoro kwa moto, picha inarudi, unalipa unafurahi. Mara nyingi ni ya muda, wiki au miezi, maana kiungo kilichopasuka hakijabadilishwa. Tatizo la chipu hizi lilikuwa kubwa duniani. Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zinakufa kwa sababu ya malighafi dhaifu. Kwa hiyo kama ni chipu, okoa mafaili yako kwanza, halafu ulinganishe bei ya matengenezo na bei ya mashine nyingine iliyotumika.

UKIAMBIWA NI KIOO KWELI

Usinunue kwa jina la laptopu peke yake. Nyuma ya kioo kuna namba. LP ni LG, LTN ni Samsung, B ni AU Optronics. Tarakimu zinazofuata ni ukubwa, yaani 154 ni inchi 15.4 na 156 ni inchi 15.6. Linganisha na aina ya taa, idadi ya pini (30 au 40) na upande ilipo soketi. Na umwambie fundi akiwashe mbele yako kabla hujalipa.

MWISHO WA STORI

Kwenye tochi nikaona picha ya ukutani ya kwangu, hafifu kama kivuli. Tukachomeka monita ya kafe, katiba hiyo hapo! Nikaihamishia kwenye flashi, tukaichapisha kurasa zote 14 kabla kafe haijafungwa. Jumatatu alfajiri nikampelekea mama mwenyekiti mkononi, wala hakujua nilivyohangaika. Inveta iliyotumika niliipata kwa 20,000, tukaifunga kwa bisibisi moja. Ile 70,000 ndiyo imekwenda, lakini mashine ninayoandikia hapa ndiyo hiyo hiyo.

Wadau, mafundi wazuri wapo wengi na ukikwama nenda kwao. Ila nenda ukiwa na majibu: "Nimemulika tochi picha ipo, na monita ya nje inaonyesha." Hapo hata fundi mjanja atakuheshimu. Na kazi ya mtu usiiache sehemu moja, weka na kwenye flashi au ujitumie kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

Mwenye mashine iliyogoma aandike hapo chini imefikia hatua ya ngapi, tusaidiane.