Mabahiss na Matumbawe ya Vilindini: Kazi na Maisha Melini, 1933–1934

Katika miaka ya 1840 mtaalamu wa viumbe Edward Forbes alieneza rai kwamba chini ya pima 300, yaani takriban mita 550, bahari haina uhai wowote, na miongoni mwa vitu vilivyokuja kuivunja rai hiyo lilikuwemo tumbawe. Mwaka 1860 waya wa telegrafu uliokuwa umelazwa baharini kati ya Sardinia na Algeria uliinuliwa ili utengenezwe, ukakutwa umeshikamana na viumbe, yakiwemo matumbawe ya jamii ya Caryophyllia, kwenye sehemu zilizokuwa zimelala katika kina cha zaidi ya mita 2,000. Samaki angeweza kudhaniwa kuwa amenaswa njiani wakati waya unapanda, lakini tumbawe hukua likiwa limejigandisha mahali pamoja, kwa hiyo ushahidi wake haukuwa rahisi kupingwa.

Matumbawe hayo si yale yanayojenga miamba ya Unguja, Pemba na Mafia. Tumbawe la maji ya kina kifupi hulishwa kwa sehemu kubwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya mwili wake na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, ilhali la vilindini, ambako mwanga haufiki, hujitafutia riziki kwa minyiri yake, likidaka vijidudu na chembe zinazoshuka kutoka juu. Mengi huishi peke yake, kila moja katika kikombe chake cha chokaa, na jamii ya Flabellum ina umbo la upepeo uliokunjuliwa.

Kuyafikia kulihitaji meli. Challenger ya Uingereza ilizunguka dunia kati ya 1872 na 1876, na Valdivia ya Ujerumani ikapita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1899. Safari iliyoichunguza sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi zaidi kuliko hizo, hata hivyo, ilikuwa ya meli ndogo ya Misri, Mabahiss, iliyong'oa nanga Alexandria Septemba 1933 na kurejea Mei 1934. Gharama zake zilitoka katika wasia wa Sir John Murray, mwanasayansi aliyekuwemo ndani ya Challenger na ambaye baadaye alitajirika kwa fosfeti ya Kisiwa cha Christmas. Yaani fedha iliyochimbwa katika Bahari ya Hindi ilirudishwa kuichunguza bahari hiyohiyo.

Mabahiss iliundwa Uingereza mwaka 1930, ikiwa na urefu wa mita 42 hivi, kwa ajili ya uchunguzi wa uvuvi wa Misri, na kuipeleka katika bahari kuu kwa miezi kadhaa kulikuwa kuitwisha mzigo ambao haukukusudiwa tangu mwanzo. Nahodha K. N. MacKenzie alikuwa ametoka kuiongoza meli ya Discovery katika barafu za Antaktiki, na sasa alipewa meli ya mvuke katika joto la Bahari ya Shamu, ambako hata aliyekaa sitahani hutota jasho, sembuse mchochezi aliyesimama mbele ya tanuri. Kiongozi wa utafiti, Seymour Sewell, alikuwa mkuu wa zamani wa Idara ya Uchunguzi wa Wanyama ya India. Mabaharia walikuwa Wamisri, na Wamisri wawili walikuwemo pia katika kundi la wanasayansi: Abdel Fattah Mohamed, mkemia, na Hussein Faouzi, daktari wa meli na mtaalamu wa viumbe, ambaye baadaye alipata umaarufu kama mwandishi.

Ratiba ya melini ilipangwa zaidi na winchi kuliko saa ya ukutani. Kwanza kina kilipimwa kwa chombo cha mwangwi, ambacho hupeleka sauti chini na kuhesabu muda inaochukua kurudi, na hivyo kufanya kwa sekunde chache kazi ambayo bildi ya waya iliifanya kwa muda mrefu. Kisha zilishushwa chupa za kuteka maji katika vina mbalimbali, pamoja na vipimajoto, na wakemia wakaanza kupima chumvi na oksijeni katika chumba kinachoyumba. Mwisho ulifuata wavu wa kukokota, mfuko uliofungwa kwenye fremu ya chuma. Ili wavu ulale chini barabara ilibidi waya uachiwe kwa urefu unaozidi sana kina chenyewe, meli ikienda polepole, na kushusha, kukokota na kupandisha kuliweza kumeza nusu siku.

Ulipofika sitahani, mzigo wenyewe mara nyingi ulikuwa tope. Tope hilo lilichujwa kwa maji ya bahari katika chekeche, na ndani yake vikachaguliwa vikombe vya matumbawe, minyiri imekwisha kujikunja, vikatiwa katika mitungi ya spiriti pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli namba ya kituo, kwa kuwa wino hufutika ndani ya spiriti. Bila karatasi hiyo tumbawe halina thamani kwa sayansi, maana hakuna awezaye kusema lilitoka wapi.

Kaskazini mwa Bahari ya Arabu na katika Ghuba ya Oman wavu ulipanda mara kwa mara bila kiumbe hai, na wakemia walionyesha sababu: katika vina vya kati maji huko yana oksijeni haba mno. Rai ya Forbes, iliyokuwa kosa kwa bahari zote, ilikuta hapo mahali panapoikaribia. Watu wa sitahani, waliofanya kazi ileile ya kuchosha iwe wavu ulijaa au ulikuwa mtupu, bila shaka waliupima ugunduzi huo kwa kipimo chao wenyewe.

Meli ilifika maji ya Afrika Mashariki katika msimu wa kaskazi, kama majahazi yalivyofanya kwa karne nyingi, na Januari 1934 ilifanya kazi jirani na Unguja. Ramadhani ya 1352 Hijria iliangukia kati ya Desemba na Januari hiyo, jambo ambalo halikuwa dogo kwa chombo chenye mabaharia wengi Waislamu.

Matumbawe yaliyokusanywa yalielezwa na J. Stanley Gardiner, bingwa wa matumbawe wa Cambridge, pamoja na Patricia Waugh, katika ripoti za 1938 na 1939 zilizochapishwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza. Ripoti za namna hiyo hutaja kituo, kina na jina la kila aina, lakini hazina nafasi ya waliozungusha winchi, na hilo ni pengo halisi katika historia ya sayansi hii. Kwa upande wa Misri faida ilikuwa ya kudumu: Faouzi alikuja kuongoza Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Alexandria, ambako Mohamed naye alifundisha elimu ya bahari. Unguja, ambayo nyavu zilikokotwa jirani nayo, ilisubiri hadi 1978 kupata Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.