Miombo ya Mpanda na Katavi: Mvua, Moto na Jembe katika Historia ya Pori

Msafiri atokaye Kaliua kwa gari la moshi kwenda Mpanda hupita katikati ya miti kwa muda mwingi wa safari yake. Miti yenyewe si mirefu sana, wala haikusongamana. Vilele vyake hukaribiana bila ya kufunga mbingu, na kwa kuwa jua hupenya, nyasi huota chini yake. Aghalabu msafiri huyo hudhani ya kuwa pori hilo limekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia, na ya kuwa binadamu ameanza kuligusa jana tu. Dhana hiyo yahitaji kupimwa, maana juu yake hujengwa hukumu nzito: nani ana haki ya kukaa porini, nani aondolewe, na nani alaumiwe miti inapotoweka. Ukweli ni kwamba sura ya pori la Mpanda ni kazi ya mikono miwili. Mvua na udongo ndio ulioweka mpaka. Watu, kwa jembe lao, moto wao na hata kwa kuondoka kwao, ndio waliochora mengi yaliyomo ndani ya mpaka huo.

Jina la pori hilo limetoka kwa watu wa huko wenyewe. Myombo, kwa Wanyamwezi na jirani zao, ni mti wa jamii iitwayo na wataalamu Brachystegia. Wingi wake, miombo, umechukuliwa na wataalamu wa mimea wa dunia nzima kuwa jina la mapori yote ya namna hiyo, toka Tanzania hata Angola na Msumbiji. Wenzi wake katika pori la Mpanda ni mtundu, muba na mninga, na huu wa mwisho ndio unaotafutwa zaidi na maseremala.

Yafaa kuanza na mvua. Mpanda ina msimu mmoja tu wa mvua, uanzao Novemba na kwisha Aprili au mwanzo wa Mei. Miezi iliyobaki ni kiangazi kitupu. Kwa mwaka mmoja mvua hukaribia milimita 1,000, nayo hupungua kwa mtu ashukaye kusini kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Kadiri hiyo ina maana kubwa, kwani wataalamu huigawa miombo mafungu mawili, ya mvua nyingi na ya ukavu, na mpaka wanaoutumia ni hiyo hiyo milimita 1,000. Katika fungu la ukavu miti mikubwa aghalabu haizidi meta 15 kwa urefu. Pori la Mpanda, basi, limesimama karibu na mpaka wenyewe, na miaka michache ya mvua haba huweza kulisogeza upande mmoja.

Miti imeizoea hali hiyo. Hupukutisha majani katika kiangazi, kisha, katika Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha, huchipua majani mapya mekundu kama shaba. Na kwa kuwa msimu wa kukua ni mmoja kwa mwaka, shina la mti huweka alama yake kila mwaka kwa duara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2001 juu ya miti ya magharibi mwa Tanzania, ukiwamo mtundu, ulionyesha kuwa maduara hayo, ijapokuwa ni magumu kuhesabiwa, hufuata wingi na uchache wa mvua. Mti umekuwa kama daftari, ila lataka msomaji mwenye subira.

Baada ya mvua huja udongo. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani katika Usambara, alieleza ya kuwa katika nchi hizi udongo hubadilika kwa utaratibu toka mgongo wa mlima hata bondeni, kama pete za mnyororo mmoja, na utaratibu huo hurudiwa kila kilima. Mpanda ni mfano mzuri wa maneno yake. Juu, penye udongo mwepesi na mkongwe uliokwisha kuoshwa rutuba, ndipo penye miombo. Chini, penye udongo mweusi wa mfinyanzi ufurikao masika na kupasuka kiangazi, ndipo penye mbuga ya nyasi na migunga michache. Mbuga kubwa za Katavi na Chada, ziletewazo maji na mto Katuma, ni za namna hii. Hata vichuguu vya mchwa vina sehemu yao: udongo wake una rutuba kuliko wa jirani, na juu yake huota vichaka vya miti isiyofanana na miombo iliyovizunguka.

Kama mambo yangaliishia hapo, historia isingalikuwa na la kusema. Lakini uko moto, na moto wa miombo kwa sehemu kubwa sana huwashwa na watu: mwindaji, mrina asali, mchungaji atafutaye majani mabichi, na mkulima asafishaye shamba. Nguvu yake hutegemea mwezi. Moto wa Mei au Juni hukuta nyasi zingali na unyevu, hupita upesi, na kuacha miche mingi hai. Moto wa Septemba au Oktoba hukuta nyasi zimekauka kabisa, hupanda juu na kuua miche yote isiyopata urefu wa kujiokoa.

Jaribio lililo maarufu juu ya jambo hili halikufanyika Mpanda, bali katika miombo ya Ndola, nchini Zambia, ambako mwaka wa 1933 viwanja vilitengwa ili kutendewa kwa njia mbalimbali. Matokeo yaliandikwa na C. G. Trapnell mwaka wa 1959. Kiwanja kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kiligeuka kuwa nyasi zenye miti michache sana. Kilichochomwa mapema kilibaki miombo. Kilichokingwa na moto kabisa kilianza kujaa vichaka na miti isiyopukutisha majani. Kwa hiyo pori lililo wazi, lenye miti na nyasi pamoja, ambalo macho huliona kuwa ndilo la asili, haliwezi kudumu katika sura hiyo pasipo moto wa kadiri. Na mwenye kushika kiberiti tangu zama ni mtu.

Watu hao walikuwapo Mpanda tangu zamani. Wakonongo, Wabende, Wapimbwe, Watongwe na wengineo walilima mashamba ya kuhama, wakawinda, wakarina asali. Upande wa kusini mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, na tanuru hizo zilikula makaa mengi yaliyotoka katika miti iliyochaguliwa. Katika karne ya 19 ikaja biashara ya pembe za ndovu pamoja na vita. Mwaka wa 1871 H. M. Stanley, akiikwepa njia iliyofungwa na vita vya Mirambo, alizunguka kusini kwa kupitia Ukonongo na Ukawendi ili afike Ujiji. Alikuta vijiji vilivyozungushiwa maboma, na kati ya kijiji na kijiji pori la mwendo mrefu. Sura hiyo ya nchi ilikuwa ya siasa kama ilivyokuwa ya mvua, kwani watu wanaoogopa kushambuliwa hukaa pamoja, na mashamba ya mbali huachwa yarudi miti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikaua ng'ombe na nyati wasiohesabika. Njaa, ndui na vita vya ukoloni vikafuata. Palipopungua watu, vichaka viliongezeka. Wanyama wa mwitu walipopata nafuu walirejea. Na nyuma yao akaja mbung'o, ambaye hutaka kivuli cha miti na damu ya wanyama. Mambo haya yalielezwa na John Ford katika kitabu chake cha mwaka wa 1971, kisha na Helge Kjekshus mwaka wa 1977, aliyesema kwamba kabla ya ukoloni watu walikuwa wameitawala nchi yao, na kwamba utawala huo ndio uliovunjika. Wanahistoria waliomfuata, kama Juhani Koponen, waliona kuwa Kjekshus ameipamba mno hali ya zamani, kwani njaa na vita vilikuwapo pia kabla ya Wazungu. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo halikanushi jambo lililo muhimu hapa, yaani kwamba kuondoka kwa watu nako hujenga pori.

Kuondoka huko kulikuja kuwa amri. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza, katika kupigana na malale, iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi mwa Tanganyika, wakiwamo Wakonongo, katika makazi makubwa yaliyofyekwa miti ili mbung'o asikae. Nje ya makazi hayo nchi ilibaki tupu. Miaka ilipopita, utupu huo ulionekana kana kwamba ni wa asili, na sehemu zake zikatiwa katika mapori ya akiba. Katavi, iliyokuwa imelindwa kwa ajili ya wanyama tangu siku za Wajerumani, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1974, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ikapanuliwa hata kufikia kilomita za mraba 4,471. Ndani yake, karibu na ziwa, umesimama mkwaju ambao wenyeji husema ni makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa kale aliyeipa nchi jina. Na watu wameendelea kupeleka sadaka hapo. Mti huo ni ushahidi kwamba pori liitwalo tupu lilikuwa na wenyewe.

Kisha nchi ikaanza kujaa tena. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijengwa reli ya tawi toka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi ulifungwa mwaka wa 1960, lakini reli ilibaki na mji ukabaki. Baada ya mauaji ya mwaka wa 1972 katika Burundi, wakimbizi walipewa makazi Katumba, na mwaka wa 1978 Mishamo. Mwaka wa 2014 watu kama 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walipata uraia wa Tanzania. Vijiji vya ujamaa vilikusanya wakulima kandokando ya barabara. Wasukuma walikuja na ng'ombe wao na majembe ya kukokotwa. Tumbaku ya kukaushwa kwa moto ilitaka kuni za mabani kila msimu, na mji ulitaka makaa. Mwaka wa 2012 Katavi ikawa mkoa, na Mpanda makao yake makuu.

Je, tofauti ya ukataji wa zamani na wa sasa ni nini? Jibu limo katika kisiki. Mapodo ya mtundu na muba hupasuka yenyewe na kurusha mbegu meta chache tu. Kwa hiyo miombo hairudi upesi kwa mbegu toka mbali. Hurudi kwa machipukizi ya visiki na mizizi. Mkulima wa jembe la mkono alikata mti usawa wa goti, akalima miaka michache, akahama. Visiki vilichipua, na baada ya miongo michache pori lilisimama tena, likiwa na miti mingi ya unene mmoja kwa kuwa ilianza siku moja. Jembe la kukokotwa na trekta hutaka shamba lisilo na kisiki. Kuni za tumbaku na makaa hukata tena machipukizi kabla hayajawa miti. Ng'ombe wengi humaliza nyasi na kubadili moto. Panapong'olewa visiki, warudio kwanza ni migunga na milama, na miombo huweza kukawia kwa kizazi kizima au zaidi.

Lililo hatarini si mbao na asali pekee. Mto Katuma, unywewao na viboko wa Katavi na kumwagilia mpunga wa wakulima, umezoea kukatika katika kiangazi cha miaka ya karibuni, maji yake yakizuiwa na kutumiwa huko juu. Viboko hukutwa wamesongamana matopeni kwa mamia. Hapo mvua haba na matumizi ya ardhi hukutana mahali pamoja, wala hapana awezaye kuvitenga kwa kutazama tu.

Basi hukumu ya historia si kwamba watu wa Mpanda hawakuliharibu pori, wala si kwamba wao tu ndio waliloharibu. Ni kwamba pori hilo limekatwa na kurudi zaidi ya mara moja, na kila mara lilirudi kwa sababu mbili: mvua ilikuwapo, na visiki vilibaki ardhini. La kwanza halimo katika uwezo wa mkulima. La pili limo mkononi mwake, na mkononi mwa wale wamwamuruo alime wapi na kwa muda gani. Mipaka yaweza kulinda miti iliyo ndani yake. Lakini sehemu kubwa ya miombo ya Katavi iko nje ya hifadhi ya taifa, katika ardhi ya vijiji na mapori ya akiba, na huko itasimama au kuanguka kwa mashauri ya watu wanaoishi nayo.