Wilson: uwanja wenye jina la mjane

Florence Kerr Wilson, mjane wa mlowezi mmoja nchini Kenya, alianzisha shirika la ndege mjini Nairobi mwaka 1929. Rubani wake alikuwa Tom Campbell Black na ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, ya viti viwili na isiyo na paa, abiria akila upepo safari nzima. Miaka michache baadaye Wilson Airways ilikuwa ikipeleka barua na watu hadi Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili. Jeshi likachukua ndege pamoja na marubani, na shirika likaishia hapo.

Jina ndilo lililobaki. Uwanja uliokuwa ukiitwa Nairobi West ulipewa jina la mama huyo mwaka 1962. Uhuru ulipokuja, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, lakini Wilson hakuguswa.

Mwaka 1958 ulifunguliwa uwanja mkubwa wa Embakasi, nao ukachukua ndege kubwa. Wilson ikabaki na ndogo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo bahati yake. Mwaka 1957 madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walikuwa wameanzisha shirika ambalo leo ni Amref, na mpaka sasa ndege zake za kufuata wagonjwa huondokea hapa. Ndege za polisi zipo, za wanyamapori zipo, na vilevile karakana za mafundi, shule za urubani na klabu ya marubani iliyoundwa 1927.

Mtalii anayekwenda Maasai Mara huambiwa aje na begi laini lisilozidi kilo 15, nalo hupimwa mbele yake. Si ukorofi. Uwanja uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwa kali injini na mabawa hupungukiwa nguvu. Njia za kurukia zenyewe ni fupi, kama kilomita moja na nusu.

Abiria asiyesubiri ni miraa. Ikichumwa Meru hukimbizwa kwa pikapu hadi Wilson, ifike Mogadishu kabla haijakauka. Somalia ilipoipiga marufuku mwaka 2020, ndege hizo zilikosa mzigo hadi biashara iliporudi 2022.

Shida ya sasa ni msongamano. Machi 2024 ndege ya mafunzo aina ya Cessna iligongana angani na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi; waliokuwa ndani ya Cessna, mwanafunzi na mwalimu wake, walifariki, ile nyingine ikarudi salama. Chini nako maghorofa yanazidi kusogea, na wakazi wake wanalalamikia kelele za uwanja waliohamia wakiuona.